Tokeni Isiyowasha Taa

Hapa Free Area, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, mashariki mwa jiji la Nakuru, neno tokeni lina maana ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaijua. Ni tarakimu 20 zinazoletwa kwa ujumbe wa simu ukishalipia stima kwa M-Pesa. Unazibonyeza kwenye mita moja baada ya nyingine, mita inazikubali, na nyumba inapata mwanga. Zikiisha usiku na mfuko ukiwa mtupu, watoto hulala bila kumaliza kazi ya mwalimu. Thamani ya tokeni hiyo haihitaji mhubiri.

Siku hizi neno hilo lina maana ya pili. Kijana wa jirani yangu, aliyemaliza chuo na bado anasaka kazi, alinionyesha simu yake jioni moja tukisubiri mahindi yaive jikoni kwa mchomaji karibu na stage. Kwenye kioo kulikuwa na mnyama wa katuni na namba iliyokuwa ikipanda kila alipogusa. "Mwalimu, huku unacheza na unalipwa," akaniambia. "Hizi ni tokeni. Jaribu hata wewe, kuanza ni bure."

Nilijaribu. Nilijaribu kwa sababu sipendi kumkataza kijana jambo nisilolijua, na kwa sababu mtaani kwetu wapo wengi kama yeye: wana simu nzuri, wana akili, wana muda, na hawana ajira. Makala haya ni matokeo ya majaribio hayo, pamoja na yale niliyoyafuatilia kuhusu historia ya michezo hii. Swali langu ni moja. Tokeni ya stima huwasha taa. Hii ya mchezo huwasha nini, na ni nani anayeilipia?

Ahadi ilikotoka

Tuanze na haki ya mchezaji, kwa maana wazo la mwanzo halikuwa la hila. Mtu anayecheza michezo ya kawaida ya kompyuta hununua silaha, mavazi na uwezo wa mhusika wake, lakini hamiliki chochote. Vyote ni vya kampuni. Kampuni ikibadili sheria, jasho lake la miaka limepotea. Vitalik Buterin, aliyebuni mtandao wa Ethereum, ameeleza katika wasifu wake kwamba alicheza World of Warcraft kuanzia 2007 hadi 2010, mpaka siku watengenezaji walipopunguza nguvu za mhusika aliyempenda. Anasema alilia hadi akapata usingizi, na hapo akatambua ubaya wa mambo yote kushikwa na mkono mmoja.

Blokicheni ilionekana kuwa dawa. Ni daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na nakala, ili asiwepo mtu mmoja wa kufuta mstari usiku na kuandika mwingine. Ikiwa daftari hilo linaweza kuandika kwamba sarafu fulani ni ya fulani, basi linaweza pia kuandika kwamba upanga fulani au paka fulani wa katuni ni wa fulani. Hati hiyo ya umiliki ndiyo inayojulikana kama NFT. Mwishoni mwa 2017 ukatokea mchezo wa CryptoKitties, ambamo watu walinunua paka wa kidijitali, wakawazalisha na kuuza vitoto. Ulipendwa kiasi cha kuujaza mtandao wa Ethereum hadi miamala ya watu wengine ikacheleweshwa.

Mwaka uliofuata kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam ikaleta Axie Infinity. Viumbe wake, Axie, walizalishwa kama paka wale, lakini pia walipigana. Mshindi alipata tokeni iitwayo SLP, ambayo iliweza kuuzwa sokoni kwa fedha halisi. Hapo ndipo ilipozaliwa ahadi tunayoisikia leo mtaani: cheza, ulipwe.

Mji mmoja wa Ufilipino

Ahadi hiyo ilipata nguvu wakati wa Korona. Mei 2021 ilitoka filamu fupi kuhusu watu wa Cabanatuan, mji ulioko kaskazini mwa Manila katika mkoa wa wakulima wa mpunga. Biashara zilikuwa zimefungwa, na watu wakawa wananunua chakula na dawa kwa mapato ya Axie. Anayeijua Nakuru hapati shida kuielewa Cabanatuan: mji wa mashambani, vijana wengi, simu nyingi, ajira haba.

Kuingia hakukuwa bure. Mchezaji alihitaji Axie watatu, na katikati ya 2021 bei ya kikosi cha kuanzia ilikuwa mamia ya dola, wakati mwingine zaidi ya dola 1,000. Maskini hakuwa nazo. Ndipo kikazuka kilimo cha kugawana mavuno cha aina mpya. Vikundi kama Yield Guild Games, kilichoanzia Ufilipino, vilinunua Axie na kuwakopesha vijana walioitwa "wanafunzi". Katika kikundi hicho mchezaji alibaki na asilimia 70 ya mapato, msimamizi aliyemfundisha akachukua 20, na kikundi 10. Mkulima wa Bonde la Ufa aliyewahi kulima shamba la mwenyewe akigawana naye mavuno anaujua mpango huo kwa jina jingine.

Wimbi hilo lilifika Afrika pia. Mapema 2022 kampuni ya Jambo, ambayo mwanzilishi wake ana asili ya Kongo, ilipata dola milioni 7.5 kutoka kwa wawekezaji ikiahidi kuwaingiza vijana wa Afrika katika ulimwengu huu wa kucheza na kulipwa. Wawekezaji wakubwa waliamini kwamba Cabanatuan ingezaliwa tena Kinshasa, Lagos na Nairobi.

Nakuru ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, tarehe 1 Desemba 2021, Axie ilikuwa imetoka tu kufika kileleni, ikichezwa na watu zaidi ya milioni mbili kwa siku. Kutoka hapo ilianza kuteremka.

Fedha ilitoka wapi

SLP haikuwa na kikomo. Kila mshindi katika kila pambano alipata tokeni mpya, kwa hiyo kadiri wachezaji walivyoongezeka ndivyo tokeni zilivyofurika sokoni. Matumizi yake makubwa yalikuwa jambo moja tu: kuzalisha Axie wengine. Na kwa nini mtu azalishe Axie? Ili amuuzie mgeni anayetaka kuingia. Mgeni huyo akiingia naye huanza kuvuna SLP na kuiuza, hivyo wanahitajika wageni wawili wa kuinunua, kisha wanne. Mbegu ilikuwa na mnunuzi pale tu kulipokuwa na mkulima mpya.

Wakenya tumekwisha kuliona jambo hili, na bila intaneti. Mwaka 2013 nchi ilishikwa na homa ya kware. Ilisemekana mayai yake yanatibu maradhi chungu nzima, na yai moja likauzwa hadi shilingi 100. Watu walipanga foleni kutafuta leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wakachukua mikopo, wakajenga vizimba. Kwa muda faida ilikuwa ya kweli, lakini ilitoka kwa nani? Haikutoka kwa mlaji, kwa maana mlaji wa kawaida hakuacha yai la kuku la shilingi chache ili ale la kware. Ilitoka kwa mfugaji mpya aliyenunua mayai ya kuangua na vifaranga vya kuanzia. Kufikia 2014 wafugaji wapya waliisha, na mayai yakakosa mnunuzi. Waliouza mapema walijenga. Waliochelewa walikula hasara pamoja na kware wenyewe.

Sasa linganisha. Katikati ya 2021 SLP moja iliuzwa kwa zaidi ya senti 30 za dola. Mchezaji aliyevuna tokeni 100 alipata dola 30 na ushei, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi 3,200. Katikati ya 2022 tokeni moja ilikuwa chini ya senti moja. Tokeni zilezile 100, kwa jasho lilelile na macho yaleyale mekundu, zilileta chini ya shilingi 120. Hakuna aliyepunguziwa mshahara na mwajiri. Wageni ndio waliokoma kuingia. Mapema mwaka huo Sky Mavis ilifuta baadhi ya njia za kupata SLP ili kupunguza mafuriko, lakini bei ilipanda kwa muda mfupi kisha ikaporomoka tena.

Nataka kuwa mwangalifu hapa. Sisemi kwamba waliotengeneza Axie walipanga kuwaibia watu, wala kwamba kila mchezo wa aina hii ni upatu. Katika upatu mwenyeji hudanganya kuhusu chanzo cha fedha. Hapa kanuni ziliandikwa hadharani. Lakini mgeni anayeingia mwishoni haumizwi kidogo kwa sababu tu maandishi yalikuwa wazi. Hesabu ya wageni kuwalipa wenyeji ni ileile.

Mchezo wa bure na gharama yake

Baada ya anguko la 2022, ahadi ilirudi ikiwa na sura nyingine: safari hii kuingia ni bure. Hii ndiyo iliyofika mtaani kwetu kwa kishindo. Mwaka 2024, kupitia programu ya Telegram, ulienea mchezo wa Notcoin, na baada yake Hamster Kombat, ambamo mtu alibonyeza picha ya panya ili kujikusanyia sarafu. Kwenye matatu, kwa vinyozi, hata kwenye foleni ya hospitali, ungeona kidole gumba kikigonga kioo. Kabla ya hapo watu walikuwa wamekaa na Pi, iliyoanza 2019 na kuwataka waguse kitufe mara moja kila siku; mtandao wake ulifunguliwa kwa soko la nje Februari 2025, karibu miaka sita baadaye.

Hamster Kombat ilidai kuwa na wachezaji milioni 300. Tokeni yake ilipotolewa tarehe 26 Septemba 2024, waliohesabiwa kuwa wanastahili walikuwa kama milioni 131, na bei ya kuanzia ilikuwa karibu senti moja ya dola. Ukigawa keki hiyo kwa watu wote hao, unaelewa kwa nini wengi walioamka usiku kwa miezi kadhaa walipata dola chache tu, na wengine chini ya dola moja.

Lakini kama mchezaji hakulipa chochote, basi mchezo uliendeshwa kwa fedha gani? Kwa macho yake. Ili kupata sarafu zaidi ilimlazimu kutazama video, kujiunga na kurasa za miradi mingine na kuwaalika marafiki. Umati wa mamilioni ya watu wanaotazama ni bidhaa, na wapo wanunuzi wake: wanaotangaza, na wanaotaka umati kwa ajili ya tokeni zao. Kijana wa Free Area alikuwa anafanya kazi ya matangazo, kwa malipo yasiyotajwa, kwa mwajiri asiyemjua. Jambo hilo si uhalifu, lakini ajue kwamba ndilo analolifanya.

Siku 14 za mgeni

Mchezo nilioujaribu mimi sitautaja jina, kwa kuwa shida nilizozikuta si zake peke yake. Nilifungua daftari la watoto nikaandika kila kitu kwa siku 14.

Kazi ya kwanza haikuwa kucheza. Ilikuwa kufungua pochi ya kidijitali. Pochi ilinipa maneno 12 ya Kiingereza yasiyohusiana na kunitaka niyaandike kwa mpangilio. Maneno hayo ndiyo ufunguo. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda na kitambulisho ili urudishiwe akaunti, kama ambavyo ungefanya ukipoteza laini ya simu. Mtu mwingine akiyapata, mali imekuwa yake. Sisi tuliozoea M-Pesa tangu 2007, ambapo ukikosea namba unapiga simu kuomba muamala urudishwe, tunaingia hapa na tabia isiyofaa. Blokicheni haina mtu wa kupigiwa simu. Nilichelewa kulielewa jambo hilo, na naamini ndilo la kwanza mgeni afundishwe, kabla hata ya kugusa mchezo.

Kazi ya pili ilikuwa kujifunza lugha. Ada ya kupitisha muamala huitwa gesi, na lazima ilipwe kwa sarafu ya mtandao husika, siyo kwa tokeni unayovuna. Kwa hiyo unaweza kuwa na tokeni za mchezo na bado ukashindwa kuzihamisha kwa kukosa gesi, mithili ya mtu mwenye gunia la viazi shambani na hana nauli ya kulifikisha soko. Kupata gesi ilinibidi ninunue sarafu kwa mtu binafsi kupitia soko la ubadilishanaji, nikimtumia shilingi kwa M-Pesa huku soko likizuia sarafu zake hadi athibitishe kwamba amepokea. Njia hiyo hufanya kazi, lakini kila hatua ina mlango wa tapeli. Anayekuomba mmalizane nje ya soko ili mkwepe ada ndiye wa kuepukwa.

Kazi ya tatu ilikuwa kucheza. Nilicheza saa moja na nusu kila jioni, jumla saa 21. Siku za kwanza nilifurahi. Baada ya siku ya tano sikuwa nacheza tena. Nilikuwa natimiza majukumu ya siku ili nisipoteze zawadi. Binti yangu aliniuliza kwa nini nacheza nikiwa nimekunja uso. Sikuwa na jibu zuri.

Siku ya 14 nilipiga hesabu. Bando la intaneti lilinigharimu shilingi 50 kwa siku, yaani shilingi 700. Tokeni nilizovuna, kwa bei ya siku ile, zilikuwa na thamani ya shilingi 180 hivi, na hazikufika kiwango cha chini kinachoruhusiwa kutolewa. Ili kukifikia ilinipasa nicheze majuma mengine kadhaa au ninunue kifaa cha kuniongezea kasi. Hapo ndipo neno "bure" linapofikia ukingo wake. Mlango wa kuingilia hauna ada, wa kutokea unayo.

Saa zile 21 ni karibu siku tatu za kazi. Kibarua wa mjengo hapa Nakuru hurudi nyumbani na mamia kadhaa ya shilingi kwa siku moja. Siwaambii vijana wakabebe mawe badala ya kugusa simu. Ninachowaomba ni kuziandika saa zao. Mtu asiyehesabu saa zake ataamini analipwa, hata pale anapolipa yeye.

Wezi na walinzi

Mgeni huambiwa kwamba blokicheni haiibiki. Daftari lenyewe ni gumu kuchezewa, kweli, lakini madaraja yanayounganisha daftari moja na jingine yanaibiwa, na watu wanadanganywa. Tarehe 23 Machi 2022 wezi walivunja daraja la Ronin, mtandao uliojengwa kwa ajili ya Axie, wakachukua Ether (sarafu ya Ethereum) 173,600 na dola za kidijitali milioni 25.5. Kwa jumla mali hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Daraja lilikuwa na walinzi tisa, na saini za watano zilitosha kufungua hazina. Wezi walipata tano. Ilipita siku sita kabla ya yeyote kugundua. Serikali ya Marekani ilisema wahusika ni kikundi cha Lazarus cha Korea Kaskazini.

Baadaye iliripotiwa kwamba mlango wa wizi ule ulikuwa barua ya ajira ya uongo. Mhandisi mmoja wa kampuni alifuatwa na watu waliojifanya waajiri, akafanyiwa usaili, akatumiwa barua ya kazi yenye mshahara mnono, na ndani ya faili kukawa na programu ya kijasusi. Alikuwa mtu wa taaluma hiyohiyo. Basi kijana anayetafuta kazi kwa miaka miwili, akitumiwa kiungo kinachosema amechaguliwa kupata tokeni za bure mradi aunganishe pochi yake, ana kinga gani? Kinga yake ni kanuni moja: maneno 12 hayaandikwi popote mtandaoni, hayapigwi picha, na hakuna msaidizi wa kweli anayeyauliza.

Sky Mavis ilichangisha fedha kutoka kwa wawekezaji na kuwafidia wachezaji. Hilo ni la kusifiwa. Michezo midogo isiyo na wawekezaji wa aina hiyo haina mtu wa kufidia.

Sheria imefika wapi

Kwa miaka mingi msimamo wa serikali ulikuwa onyo. Benki Kuu ya Kenya ilitangaza Desemba 2015 kwamba sarafu kama Bitcoin si fedha halali nchini na kwamba anayepata hasara hana kimbilio. Onyo halikuwazuia watu: shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo lilikadiria 2022 kwamba asilimia 8.5 ya Wakenya walikuwa na sarafu za kidijitali, kiwango cha juu kuliko nchi nyingi tajiri.

Kisha serikali ikaja na kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 kwa thamani nzima ya mali ya kidijitali inayohamishwa, uwe umepata faida au hasara. Mwaka 2025 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Oktoba mwaka huohuo Rais alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali, inayozipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni na kusimamia.

Ni hatua njema, lakini mgeni asiielewe vibaya. Sheria inamsimamia anayebadilisha, kuhifadhi au kuuza mali hizo kama biashara. Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtengenezaji wa mchezo aliye ng'ambo kuipa tokeni yake bei. Tuliona 2023 jinsi nchi inavyoweza kuchelewa: maelfu walipanga foleni Nairobi wakipigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa tokeni zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi, kabla serikali haijasimamisha zoezi tarehe 2 Agosti. Ilichukua hadi Mei 2025 Mahakama Kuu kuamuru taarifa hizo zifutwe. Foleni ilikimbia, sheria ikafuata kwa mguu.

Wanaoitetea nao wasikilizwe

Kijana wa jirani yangu alinipinga, na hoja zake zina uzito. Ya kwanza, alisema, michezo hii imemfundisha kutumia pochi, kununua na kuuza sarafu, kusoma ada, na kutambua matapeli. Ni kweli, na maarifa hayo yana soko kwa vijana wanaolipwa na wateja wa nje. Ya pili, kazi za mtandaoni tunazoziita halisi nazo hazina dhamana: Remotasks, iliyowapa Wakenya wengi kazi ya kuainisha picha na maneno kwa ajili ya akili unde, iliondoka nchini Machi 2024 kwa ujumbe mfupi wa barua pepe. Ya tatu, alisema, "Mwalimu, afadhali mimi nibonyeze panya kuliko kubeti."

Hoja ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Uchunguzi wa GeoPoll wa 2017 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya vijana waliohojiwa Kenya walikuwa wamewahi kubeti. Anayebonyeza bila kuweka fedha hupoteza muda na bando. Anayebeti hupoteza kodi ya nyumba. Nakubali. Lakini ulinganisho huo unadumu hadi siku mchezaji anapoweka shilingi yake ya kwanza ili apate kifaa cha kumwongezea kasi. Kuanzia hapo amenunua kitu ambacho bei yake inategemea idadi ya watakaoingia baada yake, na huko ni kubeti juu ya wageni.

Kuna pia michezo inayopendwa kwa raha yake, ambamo tokeni ni nyongeza. Hiyo ina mustakabali, kwa kuwa fedha yake hutoka kwa mtu anayelipia furaha, kama anayelipia tiketi ya mpira asitarajie kurudishiwa. Axie yenyewe baadaye ilileta toleo la kuanza bila kununua viumbe, ikikiri kwamba mchezo lazima uvutie kwanza.

Hukumu yangu

Baada ya siku 14, daftari moja na mazungumzo mengi kwenye jiko la mahindi, msimamo wangu ni huu. Mchezo wa kulipwa si kazi, wala si akiba, wala si uwekezaji kwa mtu asiye na fedha ya kupoteza. Ni darasa, na kwa wachache waliofika asubuhi umekuwa biashara. Anayekuja jioni huwalipa wa asubuhi.

Kwa kijana anayetaka kujaribu, nina maombi manne. Usiingie kwa mkopo wa Fuliza wala kwa mkopo mwingine wa simu, hata wa shilingi 200. Andika saa zako na bando lako, kisha ugawanye mapato kwa saa. Jaribu kutoa kiasi kidogo kabla ya kuweka kikubwa, kwa sababu mchezo usioruhusu kutoa haujakulipa bado. Na kabla ya kuwaalika mama yako na rafiki zako kwa kiungo chako, jiulize kama fedha utakayoipata itatoka mifukoni mwao. Ikiwa jibu ni ndiyo, usiwaalike.

Kwa wazee, viongozi wa makanisa na misikiti, na walimu wenzangu: tusiwacheke vijana hawa. Wanabonyeza simu usiku kwa sababu mchana hakuna aliyewaita kazini. Kaunti na serikali zikitaka waache panya wa Telegram, zilete kazi inayolipa kwa saa, kwa kiwango kinachotajwa kabla kazi haijaanza.

Usiku ule nilipofunga daftari, mita ilikuwa imebakiza uniti mbili. Nikanunua tokeni za stima kwa shilingi 200, nikabonyeza tarakimu 20, na taa haikuzimika. Za mchezo bado ziko kwenye pochi. Bei yake imeshuka tangu nilipozihesabu.